Maisha ya Bibi Titi Mohamed

Bila shaka umewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji. Watu wamekaa chini ya mti. Mwenyekiti ameeleza jambo. Sasa anawataka wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono inapanda. Wewe hujakubali moyoni. Unamtazama jirani wa kulia, mkono wake uko juu. Unamtazama jirani wa kushoto, na wake uko juu. Je, utafanya nini?

Wengi wetu hunyoosha. Hatupendi kutazamwa. Hatupendi kuambiwa kwamba tunaleta mgawanyiko. Na kweli, kijiji hakiwezi kwenda mbele kama kila mtu anavuta upande wake. Barabara haichimbwi na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini kuna swali lingine. Kikundi kimfanye nini mtu ambaye mkono wake umebaki chini? Je, ni adui? Au ni mwenzetu aliyeona jambo ambalo sisi hatukuliona?

Leo utasoma maisha ya mwanamke aliyejua pande zote mbili za jambo hili. Aliwakusanya watu kwa maelfu mpaka wakawa sauti moja. Baadaye alibaki na mkono chini, peke yake. Jina lake ni Bibi Titi Mohamed.

1. Mtoto wa ndani

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika, na ilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mama yake alikuwa mkulima. Walikuwa Waislamu.

Baba hakutaka binti yake aende shule. Wazazi wengi wa pwani walifikiri hivyo wakati ule. Waliogopa kwamba shule ingewaharibu watoto wa kike. Basi Titi alisoma Kurani tu. Baba alipofariki, mama alifikiri tofauti. Akampeleka Titi shule ya serikali ya wasichana. Titi alisoma miaka michache tu, lakini alijua kusoma na kuandika.

Angalia jambo hili, ndugu msomaji. Mama huyu alikuwa mjane. Majirani walikuwa na desturi yao. Yeye alifanya lile aliloliona jema kwa mtoto wake. Huenda hakufikiri kwamba anafanya jambo kubwa. Lakini kama mama huyo angewafuata majirani, pengine jina la Bibi Titi tusingelisikia leo.

Titi alipovunja ungo aliwekwa ndani, kama desturi ya pwani ilivyotaka. Mwali hakutoka nje mpaka aolewe. Alipokuwa na umri wa miaka kama 14 hivi, aliozwa kwa mtu aliyemzidi sana kwa umri. Ndoa hiyo haikudumu. Titi alipata mtoto wa kike, kisha akaachwa. Baadaye aliolewa tena.

2. Kiongozi wa ngoma

Titi alikuwa na sauti nzuri. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na vikundi vya ngoma. Walicheza katika harusi na sikukuu. Titi alikuwa mwimbishaji wa kikundi kilichoitwa Bomba.

Usidharau vikundi hivi. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake. Kilikuwa na mchango na mfuko wa kusaidiana. Mwanachama akifiwa, wenzake walikwenda na chakula na fedha. Katika kikundi kimoja ungekuta wanawake wa makabila mengi. Wao walijifunza umoja kabla ya vyama vya siasa kuanza.

Hata sisi wa Hanang tunayajua mambo haya. Wanawake wa Kibarabaigi wana baraza lao tangu zamani. Mwanaume akimkosea mwanamke jambo zito, wanawake hukusanyika wenyewe. Husikiliza shauri, na humtoza faini. Mwanaume hata akiwa na ng'ombe wengi, hulipa. Mwanamke mmoja peke yake asingeweza kumtoza. Wanawake wote pamoja wanaweza.

3. Wanawake wanaingia TANU

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Kiongozi wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. TANU ilidai uhuru. Titi na mumewe walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kununua kadi.

Mwaka 1955 mgeni kutoka Uingereza, John Hatch, alikuja Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa chama cha Leba. Alikutana na viongozi wa TANU. Akawauliza kama chama chao kina wanawake. Swali hilo liliwashitua. Wake zao wengi walikuwa nyumbani, nyuma ya mapazia. Ndipo Titi alipoletwa mbele, akapewa kazi ya kuongoza kitengo cha wanawake.

Titi hakuanza kwa kuita mkutano mkubwa. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi mmoja akikubali, kikundi chake chote kilimfuata. Katika muda wa miezi michache, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga.

Kwa nini wanawake walijiunga upesi hivyo? Sababu moja ni hii. Mwaka 1953 serikali ya mkoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu au mganga wa serikali aliyeonekana katika TANU angepoteza kazi. Wanaume wengi wenye elimu waliogopa. Walikuwa na mishahara ya kulinda. Lakini mwanamke aliyeuza vitumbua alikuwa na nini cha kufukuzwa? Hakuwa na kazi ya serikali. Alikuwa na biashara yake ndogo na wenzake wa ngoma. Watu waliodharauliwa ndio waliokuwa huru zaidi.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Mwanamke wa heshima hakutakiwa kusimama mbele ya wanaume na kuhutubia. Titi alisimama. Watu walimsema. Waume wengine waliwakataza wake zao kwenda kumsikiliza. Wanawake wengine walikata kadi kwa siri, wakazificha ndani. Titi aliendelea. Alisafiri na Mwalimu Nyerere katika majimbo mengi ya Tanganyika. Kabla Mwalimu hajasema, Titi aliwaamsha watu. Wako waliotoa fedha, na wako waliotoa mapambo yao. Pamoja na Mwalimu, Titi akawa mmoja wa viongozi wa TANU waliojulikana kuliko wote.

4. Uhuru unakuja

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT. Bibi Titi akawa kiongozi wake. Aliingia Bungeni, akiwa mmoja wa wanawake wachache sana huko. Akawa Waziri Mdogo wa maendeleo ya jamii. Binti wa ndani alikuwa sasa kiongozi wa nchi.

Hapa nataka ukumbuke jambo lililotokea kwetu. Mwaka 1960 ulifanyika uchaguzi wa kabla ya uhuru. Viti vilikuwa 71. TANU ilishinda viti 70. Kiti kimoja tu kilikwenda kwa mtu asiyesimamishwa na chama. Kiti hicho kilikuwa cha Mbulu. Wakati huo Hanang ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt naye alikuwa mtu wa TANU, lakini alisimama kama mgombea binafsi. Watu wakamchagua Sarwatt.

Je, uhuru ulichelewa kwa sababu ya Mbulu? Haukuchelewa. Je, umoja wa Tanganyika ulivunjika? Haukuvunjika. Viti 70 vilisema hivi, kiti kimoja kikasema vile, na nchi ikasonga mbele.

Lakini baada ya uhuru viongozi wetu waliingiwa na hofu. Nchi ilikuwa changa na maskini. Ilikuwa na makabila zaidi ya 100. Waliogopa kwamba ikigawanyika itaanguka. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yaliondolewa. Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, na hofu ikazidi. Mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi vilifungwa, kikaundwa kimoja tu. Mwaka 1965 sheria iliweka chama kimoja cha siasa.

Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Lakini ukizijumlisha, utaona kwamba nafasi ya mtu kubaki na mkono chini ilizidi kuwa ndogo.

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa chama kimoja. Hata hivyo watu walikuwa na uchaguzi. Katika majimbo mengi, wagombea wawili wa TANU walishindana. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Bibi Titi aligombea Rufiji, akashindwa. Si yeye peke yake. Mawaziri na mawaziri wadogo kadhaa walishindwa mwaka huo. Aliacha Bunge, lakini aliendelea kuongoza wanawake.

5. Azimio la Arusha na nyumba za kupangisha

Mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha. Ilipitisha Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilisema kwamba nchi yetu itafuata Ujamaa na Kujitegemea. Benki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma. Watu wengi walifurahi. Waliandamana kwa miguu kuliunga mkono.

Ndani ya Azimio kulikuwa na masharti ya uongozi. Kiongozi wa chama au serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni. Hakuruhusiwa kupokea mishahara miwili. Hakuruhusiwa kumiliki nyumba ya kupangisha.

Sababu ya masharti haya ilikuwa njema. Tangu uhuru, viongozi wengine walianza kutajirika upesi. Mkulima wa jembe la mkono aliwaona wakipita kwa magari. Mwalimu Nyerere aliona hatari. Kiongozi hawezi kuwatumikia watu na huku anawanyonya. Mwalimu mwenyewe aliishi maisha ya kadiri.

Sasa tutazame upande wa pili. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Fikiri hali yake, ndugu msomaji. Hakuwa na shahada wala cheti cha kazi. Hakuwa tena Mbunge wala Waziri. Kwa mwanamke wa mjini wa wakati ule, nyumba ilikuwa kama shamba lako lilivyo kwako. Ilikuwa ni akiba ya uzee. Aliambiwa achague: ama nyumba, ama uongozi.

Bibi Titi hakukubaliana na sharti hilo. Wapo viongozi wengine ambao hawakulipenda. Wengi wao walinyoosha mikono hadharani na kunung'unika faraghani. Wengine walitafuta njia za kuficha mali zao. Bibi Titi alijiuzulu mwaka 1967. Aliacha nafasi zake katika chama na uongozi wa UWT.

Usidhani nasema kwamba Bibi Titi alikuwa sahihi na Azimio lilikuwa kosa. Mnaweza kulijadili hilo darasani. Ninachosema ni hiki. Sharti lilisema kwamba asiyekubali aache uongozi. Yeye hakukubali, akaacha uongozi. Alifanya waziwazi lile ambalo wengine walilifanya kwa kificho.

6. Kesi na gereza

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Wengine waliokamatwa walikuwa Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa Waziri, pamoja na maofisa wa jeshi. Walishitakiwa kwa uhaini, yaani kupanga kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo alikuwa Oscar Kambona. Yeye alikuwa Waziri mkubwa tangu uhuru, lakini mwaka 1967 alijiuzulu akaenda kuishi London. Kwa hiyo hakuwapo mahakamani.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu uhuru. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi Tanzania. Bibi Titi alikana mashitaka. Mwaka 1971 mahakama ilimwona ana hatia. Akahukumiwa kifungo cha maisha.

Sisi hatuwezi kukaa hapa Katesh tukaisikiliza kesi ile upya. Mahakama ilitoa hukumu yake, na Bibi Titi aliendelea kukana mpaka uzee wake. Lakini hebu tazama mambo yaliyotokea nje ya mahakama. Wale waliomshangilia walinyamaza. Rafiki wakamkimbia. Mume wake alimpa talaka akiwa bado gerezani. Mwanamke aliyeyafahamu maelfu ya majina sasa alikuwa na watu wachache tu waliothubutu kulitaja jina lake.

Hapo ndipo hofu inapofanya kazi yake. Serikali ina polisi na magereza. Lakini serikali haiwezi kumwamuru jirani asikusalimie. Hilo jirani hulifanya mwenyewe. Hufikiri kwamba akikusalimia, naye ataonekana adui.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani.

7. Miaka ya kimya

Bibi Titi alirudi Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45 au 46. Hakurudi katika siasa. Aliishi kimya kwa miaka mingi. Habari za kupigania uhuru zilipoelezwa katika sherehe, jina lake halikutajwa. Watoto waliozaliwa baada ya uhuru walikua bila kumjua.

Miaka hiyo ya kimya ilikuwa miaka ya mambo makubwa nchini. Madarasa ya kisomo, kama hili lako, yalienea nchi nzima. Watu wazima walijifunza kusoma kwa mamilioni. Hiyo ilikuwa kazi ya umoja, na matunda yake unayashika mkononi sasa hivi.

Lakini miaka hiyo pia ilikuwa ya Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mwanzoni Ujamaa ulielezwa kuwa jambo la hiari. Sasa ulikuwa amri. Kuna mahali watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa. Watu wa wilaya yetu nao walihamishwa, wakulima na wafugaji. Wazee wenu wanaweza kuwasimulia. Vijiji vilileta shule na zahanati. Lakini mashamba ya kijiji yaliyolimwa kwa amri hayakustawi sana. Mtu aliyelazimishwa huja shambani na jembe, lakini moyo huuacha nyumbani.

Linganisha na wale wanawake 5,000 wa mwaka 1955. Hakuna aliyewalazimisha. Walikwenda wenyewe, tena wengine walikwenda huku wakikatazwa. Ndiyo maana umoja wao ulikuwa na nguvu.

8. Jina linarudi

Sasa soma sehemu hii polepole.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar. Ililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha mwaka 1967. Tangu wakati huo mwanachama na kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa, kupokea zaidi ya mshahara mmoja, na kupangisha nyumba.

Kupangisha nyumba! Lile alilolikataa Bibi Titi mwaka 1967, na kwa ajili yake akauacha uongozi, sasa lilikubaliwa na kikao cha juu cha chama. Ilikuwa imepita miaka 24.

Wako watu wanaosema mpaka leo kwamba uamuzi wa Zanzibar ulikuwa mbaya, na kwamba ulifungua mlango kwa viongozi wenye tamaa. Wako wanaosema ulikuwa lazima. Lakini wote watakubali jambo moja. Wazo ambalo kikundi kizima hulikataa leo, kikundi hicho hicho kinaweza kulikubali kesho. Basi kwa nini tumfanye adui yule aliyelisema mapema?

Mwaka huo huo wa 1991 nchi ilitimiza miaka 30 ya uhuru. Picha ya Bibi Titi ikatokea katika gazeti la chama. Akatajwa kuwa shujaa wa uhuru. Watu wakaanza tena kumtafuta na kumsikiliza.

Mwaka 1991 pia Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume iliwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Kati ya kila watu 100, watu wapatao 80 walitaka kiendelee chama kimoja. Watu wapatao 20 tu walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilishauri nchi iwe na vyama vingi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mzee na ameacha uongozi, aliunga mkono kwamba wale 20 wasikilizwe. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wachache walipewa mahali pa kusimama.

Bibi Titi alifariki tarehe 5 Novemba 2000, akitibiwa Johannesburg, Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 74. Ukifika Dar es Salaam, utaona barabara kubwa inayopita karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Barabara hiyo ina jina lake. Kwa kuwa sasa unajua kusoma, utaweza kulisoma mwenyewe katika kibao.

9. Sisi tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza mambo ya Dar es Salaam yanakuhusu nini wewe unayelima mahindi na alizeti chini ya Mlima Hanang, au unayechunga ng'ombe upande wa Ziwa Balangida.

Yanakuhusu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku ile watu walishika makoleo na majembe, wakafukua. Mtu aliyekuwa chini ya tope hakuulizwa kabila lake, wala chama chake, wala kama aliwahi kupinga hoja katika mkutano. Alikuwa mtu, alikuwa jirani. Huo ndio umoja. Hatuwezi kuishi bila umoja huo.

Lakini umoja si lazima uwe wa mikono yote kupanda kila siku. Kama watu wote wanakubali kwa sababu wanaogopa, mkutano haujui kitu. Mwenyekiti haambiwi kwamba daraja limejengwa mahali pabaya. Mtunza fedha haulizwi hesabu. Kosa linaendelea, na siku likitokea hasara tunalipa sote.

Mtu anayepinga naye ana wajibu. Asipinge kwa ukaidi tu. Aseme waziwazi, ndani ya mkutano, si pembeni kilabuni. Atoe sababu. Akishindwa kwa kura, afanye kazi na wenzake, au aache nafasi yake kwa heshima. Asiwachonganishe watu.

Na kikundi kina wajibu wake. Kimsikilize. Kisimcheke. Kisimnyime maji ya kisima wala salamu. Kikikataa hoja yake, kisimkatae yeye mwenyewe. Mkutano ukiisha, mpite naye njia moja kurudi nyumbani, kama mlivyokuja.

Bibi Titi alikuwa mtu, si malaika. Alikuwa na makosa yake. Lakini aliwatoa wanawake nyuma ya mapazia wakati desturi ilipowataka wakae ndani. Aliacha cheo wakati wengine walipong'ang'ania. Nchi ilimtukuza, kisha ikamfunga, kisha ikamsahau, na mwisho ikamkumbuka. Ilikuwa bora kama ile miaka ya kumsahau isingekuwapo.

Kwa hiyo katika mkutano ujao, mtazame yule ambaye mkono wake umebaki chini. Mwombe aseme. Na kama mtu huyo ni wewe, sema.

Maneno ya kujifunza

Azimio: uamuzi mkubwa uliokubaliwa na kikao
Hiari: kufanya jambo kwa kupenda, bila kulazimishwa
Hisa: sehemu ya mali ya kampuni ambayo mtu amenunua
Jiuzulu: kuacha kazi au cheo kwa uamuzi wako mwenyewe
Kizuizini: mahali anapowekwa mtu bila kuhukumiwa na mahakama
Uhaini: kosa la kutaka kuipindua au kuiangamiza serikali

Maswali ya kujadiliana katika darasa

1. Nani alimpeleka Titi shule? Alikuwa akienda kinyume cha desturi gani?
2. Kwa nini wanawake wenye biashara ndogondogo hawakuogopa kujiunga na TANU kama watumishi wa serikali walivyoogopa?
3. Watu wa Mbulu walifanya nini katika uchaguzi wa mwaka 1960? Waulizeni wazee wanakumbuka nini.
4. Masharti ya uongozi ya mwaka 1967 yalikuwa na faida gani? Je, kiongozi wa kijiji chenu anafaa kuwekewa masharti kama hayo?
5. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya umoja ya hiari na kazi ya umoja ya amri? Toeni mifano ya kijijini kwenu.
6. Je, kuna mtu kijijini aliyepinga jambo, na baadaye ikaonekana alisema kweli? Mlimtendeaje? Jadilini bila kumtaja jina.
7. Kila mmoja aandike mistari mitano juu ya jambo moja ambalo angependa kulisema katika mkutano wa kijiji lakini bado hajalisema.